Waraka wa Moshi Mweupe

Wananchi wote wa miinuko ya Kasulu na Kibondo, wenye vyombo vya moto na wasio navyo, wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu moshi wao ni mali ya umma, na utakaguliwa kwa rangi.

Ndivyo tangazo lilivyoanza. Gari la matangazo lililisoma kutoka stendi ya Kasulu hadi sokoni mara sita, likiacha nyuma moshi ambao siku hiyo ulikuwa bado haujawa mali ya mtu. Bwana Godson Chilumba, Mkuu wa Kitengo cha Moshi na Mivuke, Kanda ya Miinuko, alisimama dirishani akasikiliza hadi sauti ikapotelea kwenye kona. Maneno yote yalikuwa yake. Hata mahali spika ilipokwaruza, aliona kwamba ilikwaruza kwa heshima.

Kitengo kilikuwa na watumishi wawili na mihuri mitano. Mtumishi wa kwanza alikuwa Godson mwenyewe, aliyeletwa kutoka Mtwara miezi minne nyuma. Wa pili alikuwa Stumai, karani, binti asiyecheka kazini kwa sababu alikuwa anaandika. Kila alichosema Godson kiliingia kwenye daftari la Stumai, na kila kilichoingia daftarini kilipigwa muhuri, na kilichopigwa muhuri kikawa sayansi.

Na sayansi yenyewe haikuokotwa njiani. Ilifanyiwa utafiti. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, Godson akiwa amevaa sweta mbili juu ya shati, alisimama stendi saa kumi na mbili kamili. Baridi ya Kasulu ilikuwa inang'ata masikio. Kila pikipiki iliyopigwa kiki ilitoa moshi mweupe. Basi la Kibondo likatoa moshi mweupe. Mtwara hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliandika: "Rangi ya asili ya moshi ni nyeupe." Kwa kuwa alikuwa mtafiti makini, alirudi saa saba mchana kuhakiki. Jua lilikuwa kali, vyombo ni vilevile, ila weupe haukuwepo. Mtu wa kawaida angefikiria habari za jua. Godson aligundua kwamba kuna watu wanauficha.

Hapo ndipo ulipozaliwa Waraka Namba Tatu. Namba Moja na Namba Mbili zilihusu karatasi za kuchapia Namba Tatu. Waraka ulisema hivi: moshi mweupe ni safi, wa kijivu ni onyo, mweusi ni kosa. Moshi usioonekana ni moshi uliofichwa, na kuficha moshi ni kosa kubwa kuliko yote, kwani mwenye moshi mweusi angalau ni mkweli. Vipimo vilipatikana kwenye duka la rangi za nyumba, ile kadi yenye vipande vingi ambayo mteja anachagulia rangi ya sebule. Kiwango kilichoidhinishwa kilikuwa cha juu kabisa kushoto. Kiliitwa Nyeupe ya Maziwa.

Siku ya kwanza ya ukaguzi, Godson na Stumai walifika kwenye gereji ya Loyce, barabara ya kwenda Kibondo. Loyce alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki, plagi mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Nyakitonto, na gereji ile aliianza na spana tatu na turubai. Sasa ilikuwa na kuta, paa na mlango wa chuma. Kwenye gereji hiyo alikuwa anakula yeye, mama yake, na mdogo wake aliyekuwa anasomea uuguzi.

"Mwakeye, mzee," alimsalimu kwa Kiha, na kwa kuwa viganja vilikuwa na oili, akamsogezea kifundo cha mkono asalimie.

Godson alikishika kifundo kwa vidole viwili, kisha akaamuru pikipiki iwashwe. Mwenye pikipiki, dereva wa bodaboda aitwaye Pasikali, akapiga kiki. Injini ikaitika. Godson akainama nyuma ya ekzosi na kadi yake ya rangi. Hakuona kitu. Akainama zaidi mpaka shavu likapata joto.

"Moshi uko wapi?"

"Umeishia ndani, mzee," alisema Loyce.

"Umeishia ndani kwa idhini ya nani?"

Loyce alidhani anatania, akacheka. Alipoona Stumai anaandika, akaacha kucheka na kuanza kueleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja wanaotaka kuuziwa kabureta mpya bila sababu.

"Yote yanaanzia kwenye mafuta, mzee. Petroli safi ni nyepesi. Cheche ikiruka, inaungua yote kwa pamoja, na kinachotoka huku nyuma ni mvuke na hewa usizoziona. Sisemi ni marashi, zina ubaya wake, lakini kidogo. Sasa wewe changanya mafuta ya taa. Yale mazito. Hayaungui yakaisha. Yanayobaki ndiyo yanatoka kama ukungu mweupe wenye masizi, yanawasha macho, na plagi inavaa koti jeusi. Na ule weupe unaouona alfajiri ni maji tu. Baridi. Hata wewe ukiongea unautoa mdomoni."

Godson alifunga mdomo. Alipoufungua tena, alimgeukia karani wake.

"Stumai, andika: fundi anakiri kwamba moshi unateketezwa ndani."

Pasikali alipigiwa muhuri kwenye kadi yake mpya ya moshi: UMEFICHA. Akaigeuza kadi juu chini, akauliza kama ni jambo zuri.

Madereva wa bodaboda ni watu wepesi kuelewa sera. Ndani ya siku tatu waligundua kwamba nusu kikombe cha mafuta ya taa kwenye lita ya petroli inakupa krimu, na kikombe kizima kinakupa Nyeupe ya Maziwa hata jua likiwa utosini. Habari ilitembea haraka kuliko gari la matangazo. Dukani mafuta ya taa yaliisha Jumatano. Waliouza petroli za chupa kando ya barabara waliongeza chupa mpya mezani, yenye kikaratasi kilichoandikwa "ya ukaguzi". Wiki ya pili ilipoingia, wingu lilikuwa limelala juu ya barabara yote kutoka Kasulu hadi Kibondo, na mihogo iliyoanikwa kando ya lami ilianza kuwa na ladha ya kibatari. Godson alilitazama wingu lile kutoka ofisini kama mkulima anayetazama mahindi yakichanua. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba utii umefikia asilimia tisini na nne, na kwamba kikohozi kinachosikika mashuleni ni ishara ya mwitikio mkubwa wa jamii.

Ile asilimia sita ndiyo ilimnyima raha. Alifuatilia moja moja, na yote ikamfikisha kwenye mlango uleule wa chuma. Ilikuwa hivi: pikipiki iliyokunywa "ya ukaguzi" kwa siku nne ilianza kukohoa, siku ya tano ikagoma. Mwenyewe akaisukuma hadi kwa Loyce. Loyce akamwaga mchanganyiko, akasugua plagi kwa msasa, akaweka petroli safi. Pikipiki ikaondoka inaimba, bila moshi, na kwenye kizuizi cha kwanza cha Kitengo ikapigwa muhuri wa kuficha.

"Fundi, mimi nakukubali kinoma," Pasikali alimwambia siku moja mbele ya Godson mwenyewe, "lakini kazi yako inaniweka pabaya. Nina mihuri tisa. Mke wangu anadhani ni kadi ya kliniki."

Godson hakuchelewa. Gereji ya Loyce ikapewa notisi: itafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, isipokuwa mwenyewe athibitishe kabla ya hapo kwamba ana uwezo wa kuzalisha moshi wa kiwango.

Tarehe haikuchaguliwa ovyo. Alhamisi ya wiki hiyo Kitengo kilikuwa kinapokea ugeni. Bi. Rabia, mkaguzi mkuu kutoka Dodoma, alikuwa Kibondo kwa shughuli nyingine, na alikubali kupelekwa Kasulu na Godson, kwenye gari la Kitengo, azindue rasmi Kanda ya kwanza nchini yenye moshi mweupe. Godson alikuwa ameshaanza kufikiria nyumba ya Dodoma. Alikuwa hata ameshazoea, kichwani mwake, kumlalamikia mtu kuhusu vumbi la huko.

Ni Jumanne jioni, wakati analiegesha gari la Kitengo, alipopata wazo la kuinama nyuma ya ekzosi. Kilikuwa kigari cha petroli, cha miguu mirefu, na mwezi uliopita kilifanyiwa matengenezo na Loyce. Godson hakuona moshi wowote. Gari la Mkuu wa Kitengo lilikuwa linaficha moshi.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa gereji kabla Loyce hajavaa ovaroli.

"Nakupa nafasi ya mwisho," alimwambia. "Kesho gari hili litambeba mgeni. Litoe moshi mweupe, na gereji yako itabaki."

Loyce aliisikiliza injini, akafungua boneti, akaifunga.

"Gari lako zima, mzee. Ukitaka litoe moshi, itabidi niliharibu."

"Si kuliharibu. Ni kuliwezesha."

"Basi wewe sema nifanye nini."

Godson alisema kwamba Serikali haisemi, inaandika. Akaandika palepale juu ya boneti, na Stumai akagonga muhuri. Barua ilimwelekeza fundi Loyce kuchanganya lita kumi na tano za mafuta ya taa kwenye tangi la gari la Kitengo, ili moshi ufikie kiwango kilichoidhinishwa. Akitekeleza, gereji itaendelea. Asipotekeleza, itafungwa Ijumaa saa nne. Chini kabisa, chini ya sahihi yenye mikunjo mitatu, zilifuata nakala kwa ofisi tisa, ya kwanza ikiwa ni ya Bi. Rabia. Godson aliamini kwamba jambo lisilo na nakala halijatokea.

Loyce aliisoma barua mara mbili. Alitazama kuta zake, akatazama mlango. Ndani ya mfuko wa ovaroli simu yake iliita, jina la mdogo wake likatokea, naye akaizima bila kupokea.

"Mimi nasafisha injini za watu," alisema mwishowe. "Sichanganyi mafuta. Ijumaa uje na kufuli lako, mzee. Ulete kubwa, mlango wenyewe mnene."

Godson alisikitika kwa dhati. Aliona namna mwanamke mwenye akili anavyoweza kukosa uzalendo. Jioni ile, nyuma ya nyumba yake, alikata chupa ya maji kutengeneza faneli, akaifanya kazi ile mwenyewe. Lita kumi na tano kwa mujibu wa barua, na tano za ziada kwa heshima ya mgeni.

Alhamisi gari lilitoka Kibondo likiwa jeupe nyuma kama bibi harusi. Godson alimwonyesha Bi. Rabia kwenye kioo cha pembeni. Bi. Rabia, mama mtu mzima mwenye miwani na maneno machache, alitazama, akavuta ncha ya mtandio wake akafunika pua, akauliza kama gari ni zima. Godson alijibu kwamba ni zima kwa asilimia mia moja na ishirini. Kiti cha nyuma, Stumai aliandika mia moja na ishirini.

Kwenye mlima wa kukaribia Nyakitonto, injini ilianza kugonga. Iligonga kama mtu aliyefungiwa nje kwenye mvua. Godson alikanyaga mafuta, na moshi ukaja kwa wingi ambao waraka haukuwahi kuota. Kando ya barabara mama mmoja aliyekuwa anageuza mihogo yake juani aliukunja mkeka mzima, mihogo ndani, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Gari likatetemeka mara tatu, likasimama. Halikuwaka tena.

Bi. Rabia alitoka ndani ya wingu akipapasa, akakaa juu ya jiwe, akafuta miwani. Wakati anaifuta, pikipiki ilipanda mlima kutoka upande wa Kibondo. Ilikuwa na gunia la maharage, mkungu wa ndizi na dereva, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila barabara. Pasikali akasimama. Alikuwa mtu mwenye huruma.

"Poleni. Naona leo mzee umefaulu."

Bi. Rabia aliuliza mbona pikipiki yake haitoi moshi na imebeba mzigo kiasi hicho. Pasikali, badala ya jibu, alitoa kadi. Mihuri ilikuwa imefika kumi na moja. Bi. Rabia aliisoma mbele na nyuma, akamwomba Godson amfafanulie kosa la kuficha moshi. Godson alimfafanulia lote: utafiti wa Juni, kadi ya rangi, rangi ya asili, utii, asilimia, mwitikio wa jamii. Alieleza vizuri kuliko siku zote. Bi. Rabia alimsikiliza kwa upole, namna watu wanavyomsikiliza mgonjwa mwenye homa kali, kisha akamgeukia Pasikali.

"Fundi wako nani?"

"Loyce. Anafungwa kesho saa nne. Yaani gereji."

"Kamlete."

Pasikali alishusha gunia na ndizi, akaondoka. Muda wote waliomsubiri, Godson alimsomea mgeni viambatisho.

Loyce alifika na vumbi hadi kwenye kope. Hakuuliza mengi. Alimwomba Stumai karatasi nyeupe, akaipasua mbili. Kwenye kipande cha kwanza alidondosha tone kutoka tangi la pikipiki. Kwenye cha pili, tone kutoka tangi la Kitengo. Akaviweka juu ya boneti, juani, wote wakavitazama. Tone la kwanza likakauka, karatasi ikabaki kama ilivyotoka kiwandani. La pili likabaki. Likajitandaza, likaacha duara la mafuta lililoonyesha rangi ya boneti chini yake.

"Hii ni petroli," alisema Loyce. "Hii ni taa iliyosindikizwa na petroli."

Bi. Rabia aligusa duara, akanusa kidole. "Nani amechanganya?"

Loyce alitazama chini. Barua ya Godson ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yake, na gereji yake ilikuwa na saa ishirini za kuishi, lakini alinyamaza. Hakuwa mtu wa kusema watu mbele ya wakubwa. Stumai alilitazama daftari lake. Kimya kile Godson alikiona kama uzembe wa kumbukumbu, na hakuwahi kuvumilia uzembe wa kumbukumbu.

"Ni mimi mwenyewe," alisema, akanyoosha tai. "Kwa mujibu wa barua yangu ya jana. Fundi aligoma, ikabidi ofisi itekeleze. Lita ishirini. Nakala ilikuja kwako."

Bi. Rabia alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nililetewa jana jioni. Nikadhani kuna mtu anakuchongea."

"Hapana, ni yangu," alisema Godson kwa fahari. "Sahihi ile haiigiki."

"Bwana Chilumba, kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni kosa la jinai. Wewe umelitenda, ukalipiga muhuri, ukanitumia nakala."

"Kwa dispachi," Godson alisahihisha, kwa unyenyekevu.

Mgeni hakupaza sauti. Alichukua kalamu ya Stumai, akaandika nyuma ya barua ileile, maana karatasi nyingine zilikuwa na viambatisho. Waraka Namba Tatu umefutwa. Gereji ya Loyce haifungwi. Matangi yote yaliyochafuliwa kwa maelekezo ya Kitengo yatamwagwa na Kitengo, bure, kwa mkono, chini ya usimamizi wa fundi Loyce, kuanzia Ijumaa saa nne. Mambo ya jinai yatazungumzwa tangi la mwisho likishakauka. Akampa Godson asaini kwamba amepokea. Godson alisaini kwa mikunjo mitatu. Kisha Bi. Rabia akapanda nyuma ya pikipiki ya Pasikali, mtandio ukiwa sasa shingoni tu, wakaenda zao Kasulu.

Ijumaa saa nne foleni ya pikipiki ilianzia kwenye mlango wa chuma ikaishia sokoni. Watu walikuwa wamekuja na vitafunwa. Wengine hawakuwa hata na pikipiki. Loyce alimpa Godson ovaroli iliyombana kifuani, dumu, na kipande cha mpira.

"Upande mmoja unautumbukiza tangini, upande wa pili unaunyonya. Ukisikia yanapanda, toa mdomo haraka, elekeza kwenye dumu. Haraka, mzee."

Godson aliuliza kama kuna mwongozo wa maandishi. Hakukuwa nao. Akatumbukiza mpira kwenye tangi la kwanza, akanyonya kwa juhudi za mtumishi wa umma, na akachelewa kutoa mdomo.

Foleni nzima ilimsubiri amalize kukohoa. Alitema mara mbili. Alisimama, macho yamejaa machozi, akiusogeza ulimi huku na huku kama mtu anayetafuta neno.

"Hii ina taa," alisema. "Nyingi. Robo, au zaidi ya robo kidogo."

Loyce alidondosha tone kwenye karatasi, akasubiri, akainua karatasi juani. Akamtazama Godson kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama kabla.

"Ego, ndiyo. Robo na kidogo. Umepatia, mzee."

Yalikuwa matokeo ya kwanza sahihi tangu Kitengo kianzishwe. Stumai aliyaandika, na kwa mara ya kwanza akiwa kazini, alicheka.

"Anayefuata," alisema Loyce.

Pikipiki ya pili ikasukumwa mbele. Nyuma yake zilikuwepo mia mbili na kumi na sita. Na Godson, ambaye maishani hakuwahi kupokea agizo lisilo na kumbukumbu namba, akafuta mpira kwa kiwiko, akapiga magoti.